Mtoto anayecheza baleti: nani humfikisha kwenye ajira?

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio tukiwa katikati ya kipindi cha vijana. Mama mmoja, mkulima, aliandika kwamba binti yake wa miaka 12 amejifunza baleti kwa kuangalia video kwenye simu, na majirani wanakuja kumtazama. Kisha akaongeza jambo lililonifanya nisome ujumbe huo mara mbili. Kuna mtu ameziona video za mtoto, amepiga simu, anasema ana nafasi kwenye shule ya baleti Ulaya. Ada ya usajili itumwe kwa simu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama anauliza: nilipe?

Zilikuwa zimebaki sekunde chache kabla ya taarifa ya habari. Nikajibu hewani: mama, usilipe. Lakini swali lake linastahili maelezo zaidi ya hayo, kwa sababu ndani yake kuna swali la pili, nalo ni la wazazi wengi: mtoto wa kijijini mwenye kipaji cha kitu ambacho hakuna mtu wa karibu anayekijua, anapitia njia gani hadi kipaji hicho kimlishe?

Nimefuatilia safari za wacheza baleti kadhaa waliotoka kwenye nyumba zisizo na fedha, mmoja Cuba, mwingine Nairobi, mwingine Lagos, mwingine Marekani. Hakuna kati yao aliyefika kwa kipaji peke yake. Walipokezwa kutoka mkono hadi mkono. Mtu mzima mmoja alimwona mtoto, akamfundisha alichokijua, na alipofika mwisho wa uwezo wake akamkabidhi kwa mwingine anayejua zaidi. Watu hao nitawaita walezi, ingawa sina maana ya mlezi wa yatima. Nina maana ya mtu anayekujua, anayekupenda kiasi cha kukukosoa, na anayejua mlango unaofuata uko wapi.

Jambo hilo si geni kwetu. Pwani msichana ana somo wake na kungwi wake, mtu mzima asiye mama yake anayemwingiza kwenye yale ambayo mama haoni vizuri kuyasema. Huku kwa Wasukuma, kwenye mashindano ya Wagika na Wagalu, kijana haingii uwanjani akajifanyia tu. Nyuma yake yupo mkubwa wa ngoma aliyemkubali na kumpitisha.

Kwanza, baleti yenyewe

Kwa asiyeijua: baleti ni dansi ya jukwaani inayosimulia hadithi bila maneno, kwa mwili na muziki. Ilianzia kwenye makasri ya watawala wa Italia ikakulia Ufaransa, ambako Mfalme Louis wa 14 alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661. Ndiyo maana hadi leo mwalimu wa baleti, awe Tokyo au Nairobi, hutaja hatua kwa majina ya Kifaransa. Baadaye Warusi waliikuza sana, na kutoka huko ikasambaa duniani.

Kinachoitofautisha na ngoma nyingine ni kwamba mwili unajengwa upya. Miguu inageuzwa nje kuanzia kwenye nyonga, mgongo unanyooshwa, nyayo zinapewa nguvu ya kubeba mwili mzima juu ya vidole. Haya hayafanyiki kwa wiki wala mwaka. Mtoto anayelenga ajira huanza kati ya miaka 8 na 10 hivi, wengine mapema zaidi. Akifika miaka 15 au 16 anacheza saa nyingi kwa siku, siku tano au sita za wiki. Akiwa na miaka 18 au 19 yuko kwenye usaili, namba imebandikwa kifuani, anagombea nafasi na vijana kutoka nchi 10. Na wengi huacha jukwaa wakikaribia miaka 40, baadhi mapema kwa sababu ya majeraha.

Mkulima wa mvua ataelewa haraka kuliko mtu wa mjini: dirisha la kupanda ni fupi, na likipita limepita. Hapo ndipo mtapeli anapopata nguvu. Anajua mzazi ana haraka ya kweli, naye anaitumia.

Dereva wa lori wa Havana

Carlos Acosta alizaliwa mwaka 1973 Havana, mji mkuu wa Cuba, mtoto wa mwisho kati ya watoto 11. Baba yake, Pedro, alikuwa dereva wa lori. Kijana alipenda mpira wa miguu na kucheza mitaani, na baba akaona mwisho wake ni matatizo. Akampeleka shule ya baleti akiwa na miaka 9. Hakuwa anaota jukwaa. Shule ile ilikuwa ya serikali, haina ada, na watoto walipewa chakula cha mchana.

Hapa niseme kitu. Mara nyingi tunasimulia maisha ya watu waliofanikiwa kana kwamba walizaliwa wanajua. Acosta hakutaka. Alitoroka vipindi, wenzake wa mtaani walimcheka, akafukuzwa shule. Baba hakukubali. Akahangaika hadi mtoto akapokelewa shule nyingine ya bweni mjini Pinar del Río, mbali na nyumbani. Huko ndiko kijana alipoona kwa macho yake wachezaji wa Baleti ya Taifa ya Cuba wakiwa jukwaani, mwanamume mzima akiruka kana kwamba ardhi haimhusu. Hapo ndipo alipoamua. Hadi siku hiyo aliyekuwa anaibeba ndoto ni baba, naye baba hajui hata hatua moja ya baleti.

Mkono uliofuata ulikuwa wa mwalimu, Ramona de Saá, aliyekuwa mkuu wa shule ya baleti Havana. Alimchukua kijana aliyekuwa na sifa ya ukorofi, akamfanyia kazi, akasafiri naye hadi Italia kwa mafunzo, kisha akamwandaa kwa shindano la Prix de Lausanne nchini Uswisi. Januari 1990 Acosta akashinda medali ya dhahabu, akiwa na miaka 16.

Shindano hilo lipo tangu mwaka 1973 na ni la vijana wa miaka 15 hadi 18. Zawadi yenyewe si kombe la kuweka kabatini: washindi hupewa ufadhili wa kusoma au kufanya kazi ya mwaka wa kwanza kwenye shule na makundi makubwa ya baleti. Kwa maneno mengine ni soko ambalo wakuu wa shule hukaa ukumbini wakichagua. Kijana asiye na mlezi hajui hata kwamba soko hilo lipo, wala siku ya kufungua na kufunga maombi.

Baada ya hapo Acosta alifika London kwenye kundi la English National Ballet akiwa na miaka 18, akaenda Houston nchini Marekani, na mwaka 1998 akajiunga na Royal Ballet ya London, ambako alicheza kwa miaka 17 na kuwa mmoja wa wachezaji wakuu wanaojulikana zaidi duniani. Kifundo cha mguu kilimsumbua mapema akafanyiwa upasuaji, akarudi Cuba kupona. Hakupotea, kwa kuwa alikuwa na kwa kurudi.

Darasa la sakafu ya saruji

Mtu anaweza kusema Cuba ilikuwa na serikali iliyolipia kila kitu, sisi je? Tuje karibu. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, Mike Wamaya, mcheza dansi Mkenya, alifundisha baleti kwa miaka kwenye madarasa ya shule za kawaida. Madawati yanasukumwa pembeni, watoto wanavua viatu, somo linaanza juu ya saruji. Hakuna vioo ukutani wala fimbo ya kushikilia. Mwaka 2017 Wamaya aliingia kwenye orodha ya walimu 10 bora wa Tuzo ya Mwalimu Duniani, ambayo mshindi wake hupewa dola milioni 1. Hakushinda, ila jina la darasa lile lilifika mbali.

Ninachokiheshimu zaidi kwenye kazi ya namna hii ni kwamba watoto wenye uwezo wa kwenda mbali hawakubakizwa Kibera kwa ajili ya sifa ya mwalimu. Baadhi walipata ufadhili wa kwenda kwenye studio kamili upande mwingine wa jiji, Dance Centre Kenya, inayoongozwa na Mmarekani Cooper Rust, ambaye naye aliwahi kuwa mchezaji. Kule kuna sakafu inayonyumbuka ili magoti yasiumie, vioo, na maonyesho halisi kwenye ukumbi.

Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa mwingine wa mabanda jijini humo. Darasa lake la kwanza la baleti lilikuwa kwenye chumba kitupu cha shule ya umma. Akapitia Dance Centre Kenya, akapelekwa mafunzoni Marekani, na Krismasi ya mwaka 2016, akiwa na miaka 16, alirudi Nairobi kucheza jukwaani mbele ya watu wa nyumbani. Mwaka uliofuata akapata nafasi kwenye shule ya English National Ballet, London. Hesabu ngazi hizo: darasa la shule, studio ya Nairobi, Marekani, London. Kila ngazi ilikuwa na mtu mzima anayeitwa kwa jina, anayeweza kuulizwa, mwenye mahali pa kazi panapoonekana.

Lagos nchini Nigeria kuna habari inayomhusu moja kwa moja mwenye simu janja. Daniel Ajala hakuwahi kusoma shule ya baleti. Alijifunza kwa vitabu na video za intaneti, na mwaka 2017 akafungua darasa la bure kwa watoto wa mtaani kwake, akaliita Leap of Dance Academy. Juni 2020 alirekodi mwanafunzi wake wa miaka 11, Anthony Madu, akicheza peku kwenye mvua juu ya saruji. Video ile ilitazamwa na mamilioni ya watu. Mwaka uliofuata Madu alihamia Uingereza kwa ufadhili, kwenye shule ya baleti ya Elmhurst mjini Birmingham.

Watu wengi walioiona habari hiyo walielewa kwamba video ilifanya kazi. Mimi nadhani wameruka hatua. Kabla ya video kulikuwa na miaka ya mwalimu kufungua mlango kila siku bila malipo. Baada ya video kulikuwa na mtu mzima wa kupokea simu kutoka nje, kuuliza maswali, kuzungumza na wazazi na kukaa nao hadi makaratasi yakamilike. Mtoto aliyerusha video bila mtu wa namna hiyo nyuma yake ndiye anayepigiwa na watu wa "tuma ada kwa namba hii".

Mwili wa mtoto si wa kukopa

Mlezi mzuri hujulikana kwa yale anayoyakataza. Chukua viatu. Kile kiatu ambacho msichana husimamia ncha za vidole kina ncha ngumu iliyojengwa kwa matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyogandishwa kwa gundi. Kila msichana anakitamani siku ya kwanza. Walimu makini hawampi kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo baada ya miaka kadhaa ya mafunzo, nyayo na misuli ya tumbo ikiwa na nguvu. Anayemvalisha mapema ili apige naye picha anamharibu. Viatu hivyo pia ni mzigo wa fedha: mchezaji wa ajira anaweza kumaliza jozi katika onyesho moja, ndiyo maana makundi makubwa huwanunulia wachezaji wake.

Kwa binti anayejifunza kwa simu, hatari kubwa ni kulazimisha. Video inaonyesha miguu imegeuka nje kabisa, naye anaigeuza kwa nguvu kuanzia magotini badala ya nyonga. Goti halikuumbwa kuzungushwa hivyo. Mwambie mtoto ageuze pale nyonga inaporuhusu, aache hapo. Akisikia maumivu makali yanayorudi kila akicheza, apumzike na aonwe na mganga wa kituo cha afya. Na asijaribu kusimama kwenye ncha za vidole akiwa peku au na raba za kawaida.

Halafu chakula. Baleti ina historia mbaya ya kuwataka wasichana wawe wembamba kupita kiasi. Msichana anayefanya mazoezi makali huku anajinyima anaweza kukosa hedhi miezi mfululizo, na mifupa ikaanza kupata nyufa ndogo ndogo. Misty Copeland, Mmarekani nitakayemweleza sasa hivi, ameandika kwenye kitabu cha maisha yake jinsi mwili ulivyobadilika akiwa kijana, akaambiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka apungue, naye akaishia kula kwa siri kwa uchungu. Mwaka 2012 alifanyiwa upasuaji wa mfupa wa muundi uliokuwa na nyufa kadhaa. Mtu yeyote anayemwambia mtoto wako asile ili awe mchezaji, huyo si mlezi.

Pale mlezi na mzazi walipogongana

Copeland alizaliwa mwaka 1982. Alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wengi husema umeshachelewa, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa klabu ya watoto huko San Pedro, California. Mwalimu Cynthia Bradley akaona kipaji kisicho cha kawaida. Wakati huo mama yake Misty, aliyekuwa analea watoto sita peke yake, alikuwa amehamia na wanawe kwenye chumba cha nyumba ya wageni. Ilikuwa vigumu mtoto kwenda na kurudi mazoezini, hivyo akahamia kuishi nyumbani kwa mwalimu.

Kwa miaka kama miwili mambo yalikwenda. Kisha mwaka 1998 pande mbili zikafikishana mahakamani. Mama alitaka binti yake arudi nyumbani. Upande wa pili kukawasilishwa ombi la binti kutambuliwa kisheria kuwa anajitegemea. Magazeti na televisheni zikavamia, mtoto wa miaka 15 katikati. Mwishowe madai yakaondolewa, Misty akarudi kwa mama yake na akaendelea na mwalimu mwingine karibu na nyumbani. Hakupoteza baleti. Mwaka 2001 aliingia American Ballet Theatre ya New York, moja ya makundi makubwa kabisa nchini humo.

Sitaki kumhukumu mama wala mwalimu, kila mmoja alikuwa na sababu, na mwalimu yule ndiye aliyemfungulia mtoto mlango. Ila kwa mzazi anayesoma hapa, kisa hicho kinaonyesha mambo ya kupanga mapema, kabla mtoto hajabeba begi. Anakwenda kulala wapi? Nani anaamua akiugua? Anarudi nyumbani lini, na nauli ni ya nani? Nani ana haki ya kupokea fedha au kuweka picha zake hadharani? Andikeni, msaini, mbele ya mwenyekiti wa kijiji au ofisa ustawi wa jamii. Mlezi wa kweli hatakasirika kuulizwa, kwa sababu anajua karatasi hiyo inamlinda naye pia.

Simu ikipigwa

Nirudi sasa kwa mtu wa ada ya usajili. Niwe mkweli: shule halisi za baleti nje ya nchi nyingine hutoza ada ndogo ya usaili. Lakini hulipwa kwa shule yenyewe kupitia tovuti yake, na unapata risiti yenye jina la shule. Haiendi kwenye namba binafsi ya mtu. Shule pia haimpi mtoto nafasi kabla ya kumwona akicheza kwa ukamilifu, ama kwa video iliyorekodiwa kwa maelekezo yao, hatua kwa hatua, ama ana kwa ana. Aliyeona sekunde 30 kwenye simu akatangaza kwamba nafasi ipo tayari, anauza upepo.

Muulize jina kamili la shule. Usifungue kiungo alichokutumia yeye. Andika jina hilo mwenyewe kwenye intaneti, tafuta namba au barua pepe iliyo kwenye tovuti ya shule, uwaulize kama wanamjua mtu huyo. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwalimu wa sekondari ya kata anaweza kukuandikia mistari mitatu. Akikuharakisha, akisema usimwambie mtu, au akitaka mtoto asafiri kwanza makaratasi yafuate, kata simu.

Safari ya kweli haina njia ya mkato. Uingereza, kwa mfano, mtoto anayeombewa viza ya masomo lazima awe na barua ya shule iliyomkubali, ridhaa ya maandishi ya wazazi, na maelezo ya nani atampokea na nani atamtunza. Hapa kwetu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, na kumsafirisha kwa ahadi za uongo ili atumikishwe ni kosa la usafirishaji haramu wa binadamu. Ukiwa na wasiwasi piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haina gharama. Au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Hutaonekana mjinga.

Kupata kazi si mwisho wa kulelewa

Watu hudhani kijana akishaajiriwa amefika. Kundi la baleti lina ngazi. Unaanza kwenye kundi la nyuma, wale wanaocheza pamoja kama mwili mmoja. Wachache hupanda wakapewa sehemu za peke yao, na wachache zaidi huwa wachezaji wakuu. Mikataba mingi ni ya msimu au ya mwaka mmoja. Mgeni asiye na mtu wa kumsomea mkataba anaweza kusaini bila kujua akiumia nani anamtibu, au kwamba kuna majuma ya mwaka ambayo hakuna mshahara.

Copeland alikaa miaka sita kwenye kundi la nyuma na alikuwa karibu kukata tamaa, mwanamke mweusi peke yake kati ya wachezaji wengi. Uongozi ukamuomba mjumbe wa bodi, Susan Fales-Hill, azungumze naye. Huyo hakumfundisha hatua yoyote. Alimkutanisha na wanawake weusi waliotangulia kwenye fani zao. Baadaye Copeland akamfahamu Raven Wilkinson, aliyeingia kundi la Ballet Russe de Monte Carlo mwaka 1955, akatishwa na wabaguzi wa Ku Klux Klan alipozuru majimbo ya kusini, na mwishowe akahamia Uholanzi ili apate kucheza. Bibi huyo alikuwa akiishi New York, jirani tu. Wakawa marafiki, na mzee akawa mtu wa kumpigia siku mbaya. Juni 2015 Copeland akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu katika miaka 75 ya kundi lile. Wilkinson alikuwa hai kuyaona hayo, alifariki mwaka 2018.

Halafu miaka 35 inafika, na magoti yanaanza kudai. Uingereza kuna shirika la Dancers' Career Development, lililoanzishwa mwaka 1973, linalosaidia wachezaji kusomea kazi nyingine wanapoacha jukwaa. Wapo wanaokuwa walimu, wapo wanaosomea tiba ya viungo, wapo wanaohama kabisa. Acosta tangu Januari 2020 anaongoza Birmingham Royal Ballet, mji ule ule alikokwenda Anthony Madu kusoma. Ndiyo maana mlezi mwenye akili hamruhusu mtoto aache masomo ya darasani kwa ajili ya dansi. Shule nyingi za baleti za watoto nje zina hesabu na sayansi kwenye ratiba ileile.

Binti wa miaka 12 aanzie wapi leo?

Aanzie alipo. Ngoma ya shule inajenga pumzi, sikio la mdundo na uthubutu wa kusimama mbele ya watu, na vyote hivyo baleti inavihitaji. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yana nafasi ya sanaa pamoja na michezo. Mwalimu wa michezo shuleni ndiye mtu wa kwanza wa kuongea naye, hata kama hajawahi kuona baleti. Dereva wa lori wa Havana naye hakuijua.

Kwa baadaye, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, inachukua vijana waliomaliza kidato cha nne, na ndani yake kuna walimu wanaosomesha dansi kama fani yenye ajira. Huko si shule ya baleti, na kwa mtoto wa miaka 12 ni mbali. Lakini mwalimu wa huko anaweza kumtazama mtoto na kusema kwa haki kama kilichopo ni kipaji cha baleti, cha dansi ya aina nyingine, au ni furaha tu ya utoto, nayo si haba.

Mkimtumia mwalimu kama huyo video, rekodini asubuhi kwenye mwanga, simu ikiwa imelala upande na imeegeshwa isitikisike, mwili mzima uonekane kuanzia utosini hadi nyayoni, kwenye ardhi iliyo sawa. Dakika mbili zinatosha na bando halitaisha. Mtoto avae nguo za heshima zinazoonyesha mstari wa miguu, kaptura na fulana vinafaa. Tumeni kwa mtu huyo mmoja kupitia namba ya mzazi. Na zile video zilizoko hadharani, zifutwe kwanza zile zinazoonyesha bango la shule au kutaja jina la kijiji.